Msimu Niliomwita Aryemo Mvivu

Agosti 10, 2015. Mubuku

Maji yamefunguliwa leo asubuhi. Bwana shamba ametaka kila mwenye kipande cha mpunga aandike kazi ya kila siku kwenye daftari, ili mwisho wa msimu ajue nani alipanda lini na nani alichelewa kupalilia. Majirani wataandika kwa Lukonzo, lugha ya huku kwetu. Mimi baba yangu alikuwa polisi, nilikulia kwenye nyumba za askari na watoto wa makabila yote, na kuandika nilifundishwa kwa Kiswahili. Basi nitaandika kwa Kiswahili, na nitaandika ninachotaka.

Kazi ya leo ni kung'oa miche kitaluni. Tuko wawili: mimi Bulandina, mjane wa miaka hamsini na nane, na Aryemo, mke wa mwanangu. Davis ni askari. Mwezi wa tano alipelekwa Somalia, akaniachia huyu msichana akiwa na mimba changa na mfuko mmoja wa nguo. Ni Mwacholi wa Kitgum. Lukonzo hajui, na Kiacholi mimi sijui, kwa hiyo tunaelewana kwa Kiswahili cha kambi za askari. Alifanya kazi mpaka saa nne, akatapika, akakaa kwenye tuta mpaka nilipomaliza peke yangu.

Agosti 14

Kupandikiza. Mimi safu kumi na moja. Yeye nne.

Agosti 21

Leo amenitia aibu. Tulikuwa tumekula viazi na maharage, tumerudi majarubani, nami nimeinama na miche mkononi. Nageuka nimwone yuko wapi, namkuta amepiga magoti kwenye tuta, paji la uso limegusa udongo na makalio yako juu. Byamukama, ambaye kipande chake kinapakana na changu, aliegemea jembe lake akamtazama.

"Mama Davis," akaniita, "mkwe wako amebadili dini?"

Nilikwenda nikamuuliza Aryemo anafanya nini mbele za watu.

"Tumbo inauma, mama. Nikikaa hivi inapungua."

"Mimi nilibeba mimba sita. Sijawahi kusujudia mpunga."

Alikaa vile kwa muda wa kutosha mtu kuchemsha chai, kisha akainuka na kushika miche kama vile hakuna kilichotokea. Hilo ndilo linaloniudhi. Anayeumwa kweli haponi kwa kuinama.

Septemba 2

Kliniki. Muuguzi wetu ni Gorret, msichana mdogo mwenye sauti ndogo, na benchi zake zilijaa wanawake mpaka nje. Alimpima Aryemo, akasikiliza moyo wa mtoto, akasema kutapika ni mimba na kiungulia nacho ni mimba. Akampa vidonge vya kutafuna. Njiani nilimwambia Aryemo, "Umesikia mwenyewe." Akasema amesikia.

Septemba 9

Kupalilia. Jua kali. Ametapika mara mbili.

Septemba 13

Jumapili. Kanisani aliimba, na nyumbani alikula sahani nzima ya wali akaosha vyombo akicheka na binti wa Byamukama. Jumapili haumwi. Nimeliandika hili makusudi, ili Davis akirudi nimwonyeshe.

Septemba 17

Alikula sombe, yaani kisamvu, saa saba, na kufikia saa tisa alikuwa amejikunja mkekani, jasho linamtoka. Kilichotoka kinywani kilikuwa kijani. Nikamwambia ni sombe. Akatikisa kichwa.

"Hii kitu si mpya, mama. Hata nikiwa mtoto, kwenye kambi ya wakimbizi wakati wa vita, ilikuwa inakuja. Nakula, inakaza, natapika kijani, nainama, inaachia. Mama yangu alisema ni minyoo. Sasa inakuja kila siku tatu, na haiachii haraka."

"Kambini kila mtoto aliumwa tumbo," nikamwambia.

"Ndiyo. Lakini wao waliacha kuumwa."

Anajua kujibu anapotaka.

Septemba 25

Nina hasira kiasi kwamba kalamu inatoboa karatasi. Nilimpeleka tena kwa Gorret kwa sababu alitapika usiku kucha, nikijua nitapewa vidonge vilevile. Aryemo alikuwa amebeba kitambaa alichotapikia, akakikunjua mezani. Gorret alikitazama, akauliza mambo mengi, akambonyeza tumbo pande zote. Kisha akakaa na kuandika barua.

"Mama, huyu aende hospitali kubwa Kasese wiki hii. Wampige picha ya tumbo. Matapishi ya rangi hii hayatoki tumboni juu, yanatoka chini zaidi, na mimba ya miezi sita haipaswi kufanya hivi."

"Mwanzoni mwa mwezi ulisema ni mimba."

"Nilisema hivyo," akasema. "Leo nasema aende hospitali."

Huyu msichana anaogopa kila kitu. Wiki hii ndiyo ya kupalilia mara ya pili, magugu yamefika magotini, nami nizunguke Kasese siku mbili nikisubiri picha ya kichefuchefu? Barua nimeikunja na kuiweka ndani ya daftari hili. Aryemo aliniuliza tutaenda lini. Nikasema tukimaliza kupalilia.

Septemba 30

Kupalilia. Aliuliza tena. Nikasema bado safu ishirini.

Oktoba 5

Mvua. Mfereji umefurika na kubomoa tuta la chini. Tumeliziba mimi na Byamukama tu. Aryemo amelala.

Oktoba 8

Tumemaliza kupalilia. Nimeamua: Kasese hatuendi. Tutakwenda Bwera kwa mdogo wangu Musoki, ambaye amekanda matumbo ya wajawazito kwa miaka ishirini. Mtoto amekaa vibaya, ndiyo maana anambana mama yake. Musoki atamgeuza, na hadithi itakwisha. Nilipomwambia Aryemo, alitazama daftari hili.

"Barua ilisema hospitali."

"Barua imeandikwa na mtoto."

Oktoba 11. Bwera

Tumefika kwa Musoki saa tisa. Barabara ilimchosha Aryemo, na kila kilima tulisimama atapike. Musoki alimlaza, akapaka mafuta mikononi, akaweka viganja tumboni. Halafu akaviondoa.

"Dada, mtoto amekaa vizuri. Kichwa kiko chini. Lakini kuna kitu kingine humu, kimekaza hapa juu. Sikijui. Sitaki kukigusa."

"Nimesafiri siku nzima, unaniambia hutaki?"

"Naogopa."

"Mimi ndiye mkubwa wako. Kanda."

Akakanda, polepole, machozi yakimlengalenga kama mtoto aliyepigwa. Aryemo aliuma kanga. Baada ya saa moja alisema ni nafuu, akanywa uji, akalala. Nilimwambia Musoki, "Umeona?" Akafunika chupa ya mafuta.

Oktoba 13. Hospitali, Bwera

Jana sikuandika. Nitaandika yote sasa, kwa mpangilio yalivyokuwa, wala sitajipunguzia.

Jana alfajiri Aryemo alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Nilimkuta amepiga magoti, uso chini, kama siku ile ya tuta. Safari hii kuinama hakukumsaidia. Uji wote ulikuwa umetoka, na baada ya uji yalitoka maji ya kijani kibichi, kisha ya kahawia. Tumbo lilikuwa gumu sehemu ya juu. Nilipomgusa alinisukuma mkono. Mara ya kwanza tangu aje kwangu.

"Usinishike," akasema. "Usinishike tena."

Musoki alikwisha kukimbia barabarani kutafuta gari. Hakuniuliza.

Hospitali walimpokea mara moja. Walimwekea maji ya mshipa, wakapitisha mpira puani mpaka tumboni, na chupa ya chini ikajaa kijani tukiitazama. Daktari alikuja, mtu mfupi wa kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, anaitwa Philippe. Aliweka mkono tumboni pasipo kubonyeza, akasikiliza kwa mashine, akampiga picha, akasikiliza tena.

"Mama, anatapika tangu siku ngapi?"

"Tangu mwezi wa nane," nikasema. "Ni mimba."

"Hapana, hii haiko mimba. Mutoto iko muzima, nasikia moyo yake. Lakini matumbo yake imefungwa. Chakula haipite, hewa haipite. Hakuna mutu alimuona mbele yangu? Hakuna musawo wa kliniki alimutuma?"

Nilifungua mdomo niseme hapana. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilitaka kusema hapana. Aryemo aliongea na ule mpira puani.

"Iko barua. Iko ndani ya kitabu ya mama."

Daftari lilikuwa mkobani mwangu. Nililifungua mbele ya daktari na wauguzi wawili, nikamkunjulia barua. Akasoma tarehe, akahesabu kwa vidole.

"Siku kumi na saba," akasema. Hakuniangalia tena wakati ule. Alimgeukia Aryemo na kumweleza yeye. Kama hawatafungua tumbo leo, matumbo yataoza na atakufa pamoja na mtoto. Wakifungua, anaweza kupona, na mtoto anaweza kubaki ndani au kutoka kabla ya wakati wake. Hawezi kuahidi.

Muuguzi aliniletea karatasi ya ruhusa nitie sahihi, kwa kuwa mume hayupo. Aryemo alinyoosha mkono.

"Nipe kalamu. Ni tumbo yangu."

Aliandika jina lake lote, herufi kubwa. Wakamsukuma ndani.

Tulikaa saa tatu kwenye ukumbi, mimi na Musoki, na nafasi ya watu wawili katikati yetu. Mwishowe Musoki akasema, "Nilikuambia naogopa." Nikasema ndiyo, uliniambia. "Na nilikanda kwa sababu wewe ni mkubwa." Nikasema ndiyo. Nilitaka anitukane. Hakunitukana.

Daktari alitoka kofia ikiwa imelowa jasho. Alivua glavu, akachukua kamba ya aproni yake kutueleza. Watu wote, alisema, matumbo yao hujipanga mahali pake na kujishikiza vizuri wakati wako bado ndani ya mama zao. Ya Aryemo hayakujipanga. Tangu azaliwe yananing'inia kwenye shina jembamba, na kila mara yalikuwa yanajizungusha kidogo na kujirudisha. Mimba ilipokua ikayasukuma, na safari hii yakazunguka mara mbili na hayakurudi. Aliizungusha ile kamba kidoleni mpaka ncha ya kidole ikawa nyeusi.

"Kwa mutoto mchanga, nilionaka moja. Kwa mutu mukubwa mwenye mimba, hii ya kwanza. Ni kitu haionekane sana. Nimeyarudisha. Mingi imepata rangi tena. Kipande ilikuwa imekufa, nimekata." Akaonyesha kutoka kiwiko mpaka vidoleni.

"Je, kumkanda tumbo?" nikauliza.

Aliangalia mikono ya Musoki, bado ina mafuta, kisha akaniangalia mimi.

"Haikusaidia," akasema.

Oktoba 14

Davis amepiga simu. Nimemwambia mkewe amepasuliwa na yuko hai. Akauliza kwa nini ilifika huko. Nikasema kliniki walisema ni mimba.

Si uongo. Walisema.

Oktoba 15

Uchungu ulianza mchana na hawakuweza kuuzuia. Mtoto wa kike. Kilo moja na gramu mia nne. Anapumua mwenyewe. Nimeona kuku wakubwa kuliko yeye.

Oktoba 16

Muuguzi wa watoto ni mwanamke mnene aitwaye Evas, na hana muda wa mtu. Alisema mtoto wa kilo hii anataka kifua cha mtu, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, apate joto na akumbuke kupumua. Mama yake ana kidonda kutoka kifuani mpaka chini ya kitovu, hawezi. Musoki akajitolea. Aryemo akasema kutoka kitandani, "Yeye." Akaninyooshea kidole mimi. Ni neno lake la kwanza kwangu tangu siku ya kalamu, na hata hilo hakuniambia mimi.

"Vua blauzi, nyanya," Evas akasema.

Mbele ya wodi nzima nilivua blauzi. Evas akamweka yule mtoto katikati ya maziwa yangu yaliyokauka, akatufunga pamoja kwa kitambaa. Alikuwa baridi kama mkono uliotoka majarubani. Mpaka saa hii sijui Aryemo alinipa heshima au adhabu. Nadhani adhabu. Ningekuwa yeye, ningefanya hivyo.

Oktoba 19

Hakuna kulala chali, hakuna kulala kifudifudi. Naketi. Kila saa mbili Aryemo anakamua maziwa kwenye kikombe, Evas anampa mtoto kwa mpira mwembamba. Aryemo hanitazami usoni, anatazama kitambaa.

Oktoba 24

Mtoto aliacha kupumua asubuhi. Nilihisi, kwa sababu tumbo lake dogo liliacha kusukuma langu. Nilimsugua mgongo kama Evas alivyonifundisha, nikamkemea kwa Lukonzo, akavuta hewa. Aryemo alikuwa ameketi kitandani, mkono kwenye kidonda, akitazama kila kitu.

"Umemwambia nini?" akauliza.

"Nimemwambia asithubutu."

Akalala tena.

Oktoba 29

Byamukama amepiga simu. Mpunga umeanza kutoa mashuke na ndege wameshuka. Anauliza nani atawafukuza. Nikamwambia afukuze anavyoweza. Kisha akasema Gorret amekwenda nyumbani kwangu mara tatu. Kwa miguu, baada ya kazi, kuuliza yule mwanamke aliyemwandikia barua kama alifika hospitali.

Nilikata simu. Kwa mwezi mzima nimemwita mwoga katika daftari hili, kumbe alikuwa anatembea njia ya matope kumtafuta mtu wangu, nami mwenye mtu nilikuwa nahesabu safu. Nimechukia ile sauti yake ndogo zaidi ya zamani. Siwezi kueleza kwa nini.

Novemba 4

Kilo moja na mia sita.

Novemba 11

Leo Aryemo ametembea mpaka mlangoni na kurudi. Amekula wali. Hakutapika. Alingoja, mkono tumboni, uso umekunjamana kama mtu anayengoja kupigwa, na hakukuja kitu. Akala tena. Akaanza kulia, chakula kikiwa mdomoni.

"Ndiyo hivi?" akamwuliza Evas. "Watu wote wanakula hivi?"

Ana miaka ishirini na minne. Nilitoka nje na mtoto kifuani, nikasimama barazani, mvua ikinyesha, mpaka Evas akanirudisha kwa kelele.

Novemba 18

Kilo mbili. Tumeruhusiwa. Jina lake ni Masika, ambalo kwetu hupewa binti wa kwanza. Dokta Philippe alipeana mkono na Aryemo na Musoki. Mimi aliniinamishia kichwa tu.

Novemba 20. Mubuku

Ndege wamekula nusu ya mpunga. Nilisimama majarubani nikitazama mashuke matupu, nikangoja hasira. Ilikuja, lakini haikuwa ya mpunga.

Desemba 5

Kuvuna. Binti wa Byamukama amenisaidia. Aryemo amekaa nyumbani na mtoto, kama ilivyopasa tangu mwanzo.

Desemba 19

Davis amefika jana mchana, likizo ya wiki tatu. Alimshika mtoto kwa mikono miwili kama sahani iliyojaa mchuzi. Aliomba kuona kidonda. Aryemo akainua gauni. Davis akakitazama chote, akatoka nje, akaanza kufunga viatu vya jeshi.

"Unakwenda wapi?" nikauliza.

"Kliniki. Huyo Gorret atanieleza vizuri. Mke wangu anaoza tumbo, yeye anampa vidonge vya kutafuna."

"Ana kazi nyingi."

"Afande wangu amesema watu kama hao wanafungwa. Nitamtoa nje kwa shingo, mama, wanawake wote wakiona."

Alikuwa amefunga kiatu kimoja. Nilijua ningeweza kunyamaza. Aryemo alikuwa mlangoni, mtoto begani. Alinitazama tu.

"Davis," nikasema. "Kabla hujafika kwa Gorret, anza na mimi."

Nilimletea daftari hili. Nilimfungulia Septemba 25, nikasimama mbele yake akisoma. Akasoma na Oktoba 8. Akasoma na ile ya 14, siku niliyomdanganya kwa maneno ya kweli. Alisoma polepole, midomo ikicheza, kama alipokuwa darasa la pili. Alipomaliza alimgeukia mkewe.

"Ulijua haya yote?"

"Tumbo ilikuwa yangu. Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia kwa simu?"

"Kusema ilikuwa kazi yake. Nilikuwa nangoja aseme." Akahamisha mtoto bega la pili. "Nimengoja miezi miwili."

Davis alivua kile kiatu. Hakunigusa wala hakunitukana. Alikwenda peku mpaka majarubani akakata mabua makavu mpaka giza likaingia, na leo tangu asubuhi hajaniita mama.

Desemba 21

Tumekwenda kliniki, mimi na Aryemo na mtoto. Benchi zilijaa kama siku zote. Sikungoja Gorret aniite ndani. Nilisimama mlangoni nikasema, kwa Lukonzo na kisha kwa Kiswahili ili Aryemo asikie, kwamba Septemba muuguzi huyu alitoa barua ya kuokoa mtu, na mimi niliificha kwa sababu ya magugu, na nilimwacha mwanangu aamini kosa ni la muuguzi. Wanawake waligeuka. Mmoja alisonya. Nilistahili.

Gorret alikuwa anamfunga mwanamke mwingine kitambaa cha kupimia presha. Hakuacha kazi.

"Mimi pia mara ya kwanza nilikosea," akasema kwa ile sauti yake. "Kila siku nakumbuka. Asante kwa kusema, mama. Sasa kaa kwenye benchi, mtoto atapimwa zamu yake ikifika."

Zamu yetu ilifika baada ya saa tatu. Kilo tatu kasoro kidogo.

Tulirudi kwa miguu. Njia ilikuwa imekauka. Katikati ya njia Aryemo akasema, bila kugeuka, "Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Haiishi mwaka huu."

"Mwaka umebaki siku kumi."

Alikaribia kucheka, akashika kidonda, akajizuia. Tulitembea tena kidogo. Kisha akasimama, akanipa Masika nimbebe, kwa sababu mkono wake umechoka, si kwa sababu nyingine. Alisema hivyo yeye mwenyewe, mara mbili.